Kitabu Kimoja, Wasomaji Wawili

Ngosha, si unajua mimi sina wivu? Hata chembe. Shika hilo kwanza.

Leo nimevaa ile kofia yako nyekundu, nikamsindikiza Selina wangu pale Mirongo kwenye vitabu vya mtumba. Anatafuta cha kujiandaa na mtihani wa kujiunga na masta. Tunafika, nani kasimama pale? Okwach, yule msomi anayemzungukazunguka! Na miwani mpya. Kaka, ile miwani ni kioo cha dirisha tu!

Eti, "Selina, hicho chembamba kiache, hakina majibu nyuma. Chukua hiki."

Kimebaki kimoja. KIMOJA! Okwach akasema, "Basi tutasoma wote, kwangu Kiseke, kila jioni."

Kila jioni, Ngosha! Mimi na fomu foo yangu nitakaa pale nisome nini, ukuta?

Walipogeukia kamusi, nikakichomeka kile kitabu chini ya vitabu vya nyimbo za kanisani. Nikajua hapo wasomi hawafiki.

Nikasahau Selina anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Sauti ya kwanza, kaka!

"Ngoja nichukue na cha nyimbo, Jumapili tunaimba." Akainua kimoja, akainua cha pili. "He! Hiki kimefikaje huku?"

Nikawahi, "Labda upepo wa ziwani."

Okwach akacheka. Mama muuza vitabu hakucheka. Ananitazama tu, mimi na shikamoo yangu yote ya mwanzo.

"Basi upepo huo ulivaa kofia nyekundu, mwanangu."