Mshika Mswada

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kapiga simu. Anakuja Jumapili kumchukua baba, akaishi kwake. Anasema nimechoka, halafu nyumba yake haina ngazi. Yote mawili kweli. Nikasema sawa, nikaingia jikoni, nikafungulia bomba baba asinisikie, nikalia.

Ninachotaka ni kimoja tu: baba aniite Kidomo kabla hajaondoka. Mara moja! Ni miezi minne sasa hanijui. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nadai jina la utani.

Nimebeba riwaya kutoka maktaba ya shule, kazini kwangu. Nitamsomea. Ni ile nene wanayoikimbia wanafunzi. Mimi napenda vitabu vinene. Chembamba ukianza tu kukizoea, kinakuaga.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma nusu ukurasa, baba akanitazama kana kwamba nimemtilia chumvi kwenye chai. Alama ziko wapi? akauliza. Sikuelewa. Akagonga meza – Dada, alama!

Ndipo nikajua yuko wapi. Yuko kiwanda cha uchapaji, chumba cha prufu, zile kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla kitabu hakijachapwa. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Walikaa wawili wawili: mmoja anashika mswada, anasoma kwa sauti kila neno na kila alama; mwenzake anafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu. Basi mimi ndiye mshika mswada wake. Nikaanza upya: mvua ilikatika mkato mlango ukafunguliwa nukta aya mpya.

Akatabasamu! Sijaona tabasamu hilo tangu mwaka jana. Nimefurahi, nimeumia, sijui kipi zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Nimemletea nakala ya pili na kalamu nyekundu. Kosa langu – nakala ni ya shule, na kaichora yote. Mwalimu mkuu atasema nimerukwa na akili.

Lakini ukurasa wa 58 kapata kosa la kweli. Mstari wa juu mtu ni mjomba, mstari wa chini kageuka baba mdogo! Kitabu hiki nimekisoma mara tatu, sikuliona. Mimi na digrii yangu.

Katika riwaya, ndugu waliopotezana hutambuana kwa kovu. Waandishi bwana, wana haraka. Kovu ninalo, kidevuni, nilianguka na baiskeli ya baba. Nikamsogezea kidevu. Akasema: Dada, unanizibia mwanga.

Alhamisi, 6 Machi

Kurasa thelathini. Dada, Dada, Dada.

Ijumaa, 7 Machi

Tumefika pale mama anapokufa, watoto wamemzunguka kitandani. Nikaruka aya mbili, kimyakimya. Umeruka, akasema. Sijaruka. Dada, sisi hatuhariri hapa, kilichoandikwa kinasomwa.

Nikarudi. Nikamsoma mama akifa, na mikato yake yote. Nikaishia katikati ya mstari, machozi yakadondokea ukurasa. Baba akangoja, hakunihimiza, akanipa leso yake. Akaniambia kazi hii ina siku zake. Yeye akiguswa na hadithi huvumilia hadi afike nyumbani.

Nawashangaa wanaosema husoma ili wasahau. Mimi leo hakuna mstari ulionisahaulisha chochote.

Jumamosi, 8 Machi

Begi lake liko tayari. Kaka atafika kesho saa nne.

Asubuhi baba kaweka kalamu chini, mapumziko ya chai. Akaniuliza kama nina watoto. Sina. Akasema yeye ana binti. Moyo ukanipaa! Nikamuuliza, yukoje? Akacheka. Ana mdomo huyo, anaongea tangu anapoamka, ndiyo maana namwita Kidomo. Halafu kicheko kikaisha. Lakini haji, Dada. Sijui nilimkosea nini. Kila siku nangoja.

Nikamshika mkono. Baba, ni mimi. Mimi ndiye Kidomo.

Akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu, kama anavyofanyiwa mtu wa kazini. Akasema mambo mengine tutaniane, Dada, hilo hapana.

Sikujua kama mtu anaweza kuumia hivi huku ameshika kikombe cha chai.

Sasa anataka kumwandikia binti yake barua. Kaniomba nimshikie kalamu, yeye aseme. Karatasi ya karibu ni daftari hili. Naandika kama anavyosema:

Kidomo wangu mkato nakungoja nukta Kama nilikukosea mkato njoo uniambie nukta Kesho wananipeleka mahali mkato nami sijui utanipata vipi nukta aya mpya

Kumbe anajua kuhusu kesho! Hakuna aliyemwambia. Anatafuta neno. Ananitazama ninavyoandika, anauliza mbona naandika mengi kuliko aliyosema.

Nisomee tulipofika, anasema. Kilichoandikwa kinasomwa.