Picha ya Jicho la Ndugu Okedi

CHAMA CHA MADEREVA WA MASAFA MAREFU, MALABA
Kumbukumbu za kikao cha kamati, Jumamosi, 13 Machi 1999, chumba cha nyuma cha hoteli ya Mama Apolot

Waliohudhuria: Mzee Paulinus Ochuodho (Mwenyekiti), Barnabas Onyuka (Mweka Hazina), Christabel Akwii (Katibu).
Aliyeitwa: Okedi Osukuku, dereva, wa Moding.
Hakuwepo: Callistus Eriaku (Mjumbe). Ajenda aliijua. Udhuru hakutuma.

KUMB. NA. 1/3/99: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa maombi, akaomba Mungu atujalie haki.

KUMB. NA. 2/3/99: YATOKANAYO
Katibu alikumbusha kwamba ni kamati hii iliyopitisha mwaka jana kuwa dereva wa miwani asipewe zamu. Ndugu Okedi aliuza ng'ombe wake wote, akaenda Johannesburg kwa shemeji yake, akafanyiwa operesheni ya leza, akarudi bila miwani. Kamati ikasema haitoshi, alete picha ya jicho. Akaenda Nairobi akapigwa picha hiyo. Mwenyekiti aliomba historia hiyo isiandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/3/99: PICHA YA KONEA
Ndugu Okedi aliweka mezani picha ya konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, iliyotolewa na kompyuta. Katikati ni bluu, pembeni kuna nyekundu. Ndugu Onyuka alisema eksirei ya mguu wake haikuwa na rangi hata moja, kwa hiyo hii imechorwa.

Ndugu Okedi alieleza: "Mzee, hii si ugonjwa. Daktari alisema blue ni mahali leza ilipunguza ikakuwa flat, red ni mahali jicho imeinuka. Ni ramani tu. Alisema imetoka poa."

Mwenyekiti alijibu: "Taa ya oil ikiwaka red kwa dashboard, wewe utaendelea kukanyaga mafuta?" Ndugu Onyuka alicheka sana.

Katibu alipendekeza daktari apigiwe simu kutoka posta. Mwenyekiti alisema daktari hajawahi kushika usukani wa trela. Ndugu Okedi aliomba basi asimame mlangoni asome namba za malori kwenye foleni. Mwenyekiti alisema kamati iliomba picha, haikuomba kusomewa.

Ndugu Okedi alisema: "Mlisema nitoe miwani, nikatoa. Mkasema nilete picha, nimeleta. Sasa mnataka nitoe macho?" Aliambiwa achunge ulimi.

Kura zilipigwa. Wawili walimkataa. Katibu peke yake alimuunga mkono, na anaona aibu kuwa katika kamati hii. Iliamuliwa Ndugu Okedi asipewe zamu tena. Alichukua picha yake akatoka.

KUMB. NA. 4/3/99: ZAMU YA KIGALI
Mwenyekiti alitangaza kwamba tanka la mafuta la Kigali, lililokuwa zamu ya Ndugu Okedi, atalipeleka yeye mwenyewe usiku wa leo. Ndugu Onyuka aliunga mkono.

KUMB. NA. 5/3/99: KUFUNGA
Saa kumi jioni hakukuwa na la kuongeza. Mwenyekiti alipopewa kumbukumbu hizi aweke sahihi, alizishika kwa urefu wa mkono, akazisogeza dirishani, akauliza mstari uko wapi. Katibu alimwonyesha kwa kidole.

Sahihi: P. Ochuodho, Mwenyekiti
Sahihi: C. Akwii, Katibu