Kwao Namwita Mtukufu, Kazini Ananiita Bosi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaharibu ndoa ambayo hata haijafungwa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, msimamizi wa kiwanda cha kufulia, tunafua mashuka ya hospitali na hoteli, na chini yangu wapo watu kumi na wanne, mmoja wao mzee mpole wa meza ya kukunja ambaye mashuka yake hutoka yamenyooka kama karatasi, na kwa miaka sita nimemjua kama mzee wa kukunja tu, basi.

Mwezi uliopita mchumba wangu akanipeleka kwao kunitambulisha. Nilishajua ni ukoo wa kifalme, kwamba babu ya baba yake ndiye wa mwisho kukalia kiti, na ingawa siku hizi sote tunapiga kura na kiti chenyewe kimefunikwa kitambaa pale sebuleni, baba mtu bado anaitwa Mtukufu, hakuna anayeketi kabla yake wala kumpa mgongo. Nikapiga magoti, macho chini kama nilivyofundwa njiani, nikasikia sauti ninayoijua: "Karibu, Bosi."

Nikainua uso. Mzee wangu wa kukunja!

Shangazi yake mchumba wangu, ambaye ndiye mwenye amri nyumba ile, akadakia, "Bosi wa nani?" Hapo siri ikamwagika, maana miaka yote hiyo wanajua Mtukufu akitoka asubuhi anakwenda kwenye kikao cha wazee.

Sasa mshauri, naungama. Jumatatu mzee alipokuja kazini kama kawaida, nilimtoa kwenye meza nikamkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, kazi yake kuangalia foronya zilizochanika. Mama wa mashine ya kukaushia akaniuliza, "Na sisi migongo yetu ni ya chuma?" nikamfokea mbele ya wenzake, "Unamjua yule ni nani?" Tangu hapo wafanyakazi wawili wanambebea mkoba, na juzi mzee alinifuata ofisini akafunga mlango, akasema, "Bosi, nirudishie meza yangu. Nyumbani ninakalishwa kwenye kiti, na huku pia?" Nami mpaka leo sijamrudisha.

Shangazi naye amenipigia simu. "Mwanangu, mwachishe kazi kimya kimya, au acha wewe. Mjukuu wa mfalme hakunji mashuka ya wagonjwa, na mke wa ukoo huu hamwamrishi baba mkwe." Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Mchumba wangu anasema tu, "Vumilia, mpenzi, ndivyo tulivyo." Na mama yangu ameshawatangazia majirani kwamba naolewa kwa wafalme, nami, Mungu anisamehe, nikipita wakanipisha njia nasikia raha. Nimwachishe mzee, niache kazi, au nivunje uchumba?

Ni mimi, Niliyepiga Magoti

*

Binti yangu Uliyepiga Magoti,

Nimekucheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikakukasirikia. Kumpigia magoti mzee wa watu sebuleni kwake si kosa. Ni adabu, na magoti huoshwa. Kosa lako ulilifanya Jumatatu, ukiwa umesimama wima. Ufalme uliondolewa zamani, wewe ukaurudisha kwa kiti kimoja cha dirishani! Unashangaa vyeo hivi vinaishije mpaka leo? Vinaishi hivyo hivyo, kwa watu kama wewe, kama majirani wa mama yako, kama hao wabeba mkoba. Hakuna aliyekulazimisha.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uchovu wa kuitwa Mtukufu kutwa nzima anaujua yeye. Mtu mzima amefunga mlango akakuomba kazi yake, nawe unaniandikia mimi kuniuliza umfanyeje? Ameshakujibu, mwanangu. Ulichokosa ni kusikia.

Shangazi usimchukie. Anaogopa kwamba siku kaka yake akijulikana ni mkunja mashuka, yeye atakuwa dada wa mkunja mashuka, na hilo jina hajalizoea. Mpe heshima zote, ila kalamu yako ya kazini usimpe. Hakuna barua ya kumwachisha mzee, na ya kwako ya kuacha kazi, kama umeshaiandika, kaichane.

Kesho asubuhi mrudishe mezani, mbele ya wote, na mbele ya hao hao mwombe radhi mama wa mashine ya kukaushia. Uliyemfokea hadharani haombwi radhi pembeni. Wabeba mkoba warudi kwenye kazi zao.

Kisha mkalishe huyo mchumba wako. "Ndivyo tulivyo" si jibu, ni blanketi la kujifunikia. Mwambie aende kwa shangazi yake, yeye mwenyewe, bila wewe, aseme kwa adabu: baba anafanya kazi anayoipenda, na mke wangu ataendelea na yake. Maneno hayo hayamalizi dakika mbili. Akiyasema, funga ndoa. Akishindwa, ahirisha mpaka ayaweze, kwa sababu mume asiyejua kusema hufundishwa kabla ya harusi. Baada ya hapo utakuwa unamfundisha yeye huku unanyonyesha mwingine.