Tundu Lililomnyima Babu Yako Sauti

Mjukuu wangu Keza,

Huku Kagarama tu wazima, ila kiti cha babu yako bado hakikaliwi. Unasema umepanua njia za shaba kwenye kibao chako cha saketi, na bado kinaungua? Jamani, wewe ni babu yako kabisa!

Mwaka 1991 tulikwenda kumposea mdogo wake mke. Amplifaya ya babu yako, mashine yake ya kukuza sauti, ikazimika katikati ya hotuba.

“Hata mashine yenu haitaki ndoa hii!” mzee wa upande wa binti akatucheka.

Babu yako akaifungua, akanenepesha njia ya shaba kwenye kibao chake kwa risasi ya kulehemu. Ikazimika tena! Hatimaye akageuza kibao: tundu linalovusha umeme upande wa pili lilikuwa limeungua. Akapitisha waya mnene tunduni, sauti ikarudi, tukapewa binti.

Kageuze kibao chako, mkaidi wangu. Nadhani hata kichwa unakikuna kama yeye.

Bibi yako