Jino la Kumenyea Waya

Jumatatu, 3 Machi
Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu kuongea kunauma. Jino la juu, kulia, limepasuka. Nilikuwa namenya waya kwa meno, kama nilivyofanya miaka ishirini ya ufundi umeme. Kacha! Nusu jino ikabaki kwenye waya.

Daktari wa meno ni mama mpole, ila hana masihara. Amelichonga lililobaki, akalivisha kofia ya muda, kifuniko chenye umbo la jino. Ya kudumu inatengenezwa, tayari Ijumaa ya wiki ijayo. Masharti: nitafune kushoto, nisiguse vigumu wala vinavyonata. Uzi wa kusafishia meno niuchomoe kwa pembeni. Kisiki cha jino kilichobaki chini yake kikivunjika, amesema, hakuna pa kushikiza kofia — atang'oa. Nimeitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule.

Jumanne, 4 Machi
Supu. Mke wangu ameficha karanga ili nisishawishike. Amezificha vizuri mno, sasa hata yeye hazioni.

Jumatano, 5 Machi
Baba amekuja. Ndiye aliyenifundisha kazi. Siku zote alisema koleo ni la wavivu. Leo ana fizi tupu, na tukiwa kazini pamoja ananinyooshea mimi waya: "Menya." Tumekaa mezani, yeye na mkate wa kuloweka kwenye chai, mimi na wangu wa kuloweka kwenye chai. Akasema sasa tumekuwa rika moja.

Nilicheka upande mmoja. Lakini niliogopa, nasema kweli. Nina miaka arobaini na moja. Sizitaki fizi zile.

Ijumaa, 7 Machi
Jino limetulia. Nalipiga mswaki polepole, kama naosha yai.

Jumanne, 11 Machi
Mungu wangu. Nilikuwa juu ya ngazi kwa kinyozi, mkono mmoja darini. Koleo lilikuwa kiunoni. Kiunoni! Na bado waya ukajiendea mdomoni. Mazoea yana taabu. Kofia ikaruka.

Kinyozi na mimi tumepiga magoti nusu saa kwenye nywele za watu, tukiitafuta. Tumeipata. Njia nzima kwenda kwa daktari ulimi unapapasa, sijui kisiki kipo au hakipo. Daktari kamulika. Kagongagonga kwa kijichuma. Halafu akasema ni kizima, hakina hata ufa. Nilitamani kumkumbatia. Kaisafisha kofia, kaibandika tena, na kwa upole uleule akaniambia sina akili.

Nyumbani nilinyamaza. Mke wangu akaniokota unywele kolani, akauliza nimenyolewa wapi mbona kichwa ni kilekile. Nikakiri yote.

Jumatano, 12 Machi
Mke wangu kafunga kitambaa chekundu kwenye mpini wa koleo. Eti mkono ukumbuke. Leo umekumbuka mara tisa.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika nikiwa kwenye kiti cha daktari, pamba mdomoni. Kofia ya muda imetoka. Kisiki kimesimama imara, daktari mwenyewe kakisifu. Ya kudumu ipo kwenye trei. Amenijaribishia, imekaa sawasawa. Nimepumua kama mtu aliyetua gunia.

Hajaibandika bado. Taa ya kiti imezimika — waya umekatika shingoni mwa taa. Mimi nimekatazwa kunyanyuka, kisiki kiko wazi. Bahati baba kanisindikiza. Ameingia, amechomoa plagi ukutani, amefungua kifuniko kwa bisibisi ya mfukoni. Koleo na kitambaa chake vimebaki nyumbani.

Ameuvuta waya, akauangalia, na mkono ukanijia kama siku zote.

"Menya."

Nimefunua mdomo, nimwonyeshe tu. Ameinama, ametazama kile kisiki kwa muda mrefu. Kisha ameurudisha mkono polepole.

"Nesi, mwanangu," amesema, "una mkasi hapo?"

Nesi anafungua droo ya tatu sasa. Baba kaushika waya mbali kabisa na mimi.