Sabuni ya Shemeji

Jumatano, Katonga

Kesho kwenye mkutano wa mtaa nitaanza hotuba yangu kwa utaratibu: Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Shehe wetu, Padri, wazee wa mwalo wa mitumbwi, kina mama wa dagaa, na Hamisi, mume wa dada yangu, nitakayemtaja mwisho ili asipate pa kujificha.

Ijumaa anautaka tena mtumbwi wangu. Leo nilimuuliza alivusha nini safari iliyopita.

"Sabuni, shemeji. Ya wenzetu wa ng'ambo."

"Sabuni gani, sanduku moja linabebwa na wanaume wanne?"

"Ya mche," akajibu, bila hata kutabasamu. "Usiwe na wasiwasi. Wale wanapigania haki, raia hawamgusi."

Nilicheka. Mchana ikaingia boti ya wakimbizi, na bibi mmoja aliyefungwa bega kwa kanga akaniambia waliompiga risasi ni hao hao wapigania haki. Huenda haki yao ni ya kweli. Lakini bunduki ikishavuka ziwa, mimi na Hamisi hatuna tena la kuiamuru.

Nakiri ninaogopa. Lile sanduku nililiona likipakiwa, nikanyamaza kwa sababu ya undugu.

Kesho nitamalizia hivi: Basi, ndugu zangu, uamuzi ninaouleta ni huu: kuanzia Ijumaa, sanduku lolote litafunguliwa hapa mwaloni, mbele ya watu wote, kabla halijapakiwa. Tutaanza na mtumbwi wangu. Nyundo ya kung'olea misumari ataishika Hamisi, maana sabuni anaijua yeye.