Mkono Aliopunga Abigail

Wheaton, Maryland
Jumapili, 15 Novemba 1998

Dada yangu mpendwa Jelimo,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua wakati wa mvua limepata nafuu. Shemeji hajambo? Na mama, bado anakataa kuvaa miwani? Sisi tunaendelea. Chebet ametimiza miaka kumi na mitatu na amenipita kwa urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini salamu zako nilimfikishia na alifurahi sana.

Katika barua yako ya Septemba uliniuliza mara mbili kwa nini nimeacha kujiandaa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi wa huku. Ulisema wewe ndiwe uliyenishika mkono nikaingia wodini mara ya kwanza, kwa hiyo una haki ya kujua. Ni kweli, dada. Nimeandika jibu mara nne nikalichana. Leo nitalimaliza.

Unakumbuka nilikuambia kwamba, mbali na kazi yangu ya kuwatunza wazee, nilipata kibarua cha muda mfupi kwenye maonyesho ya kuteleza juu ya barafu. Aliyenipeleka ni Kasoki, yule mama wa Butembo, kule Kongo, tunayesali naye. Kundi lile huzunguka Amerika nzima, mji baada ya mji, na kila linapofika huajiri wanawake wa mahali hapo kuwavisha wachezaji. Mwezi wa pili mwaka huu walikaa wiki mbili katika ukumbi mmoja wa huku Maryland. Mimi nikapewa Abigail.

Abigail ndiye aliyekuwa nyota wao. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mwembamba, na miguu yake ilikuwa imejaa sugu kama mikono ya mkulima. Nilimfunga kamba za viatu, vile vyenye chuma chini, nikamfunga na vifungo arobaini na kimoja vya mgongoni. Alinizoea upesi kwa sababu simwogopi mtu aliye na maumivu. Nilipomwambia kwamba kwetu nilikuwa muuguzi, alifurahi, akawa ananiita "Sista" mbele ya wenzake.

Alipenda kunieleza kazi yake. Alisema zamani, kwenye mashindano, alikuwa akicheza kwa ajili ya majaji tisa, na akianguka anapoteza alama. Huku kwenye maonyesho hakuna alama. Kuna mtu aliyeamka asubuhi akawavisha watoto, akaendesha gari kwa saa mbili, na ukianguka umemharibia siku yake. Alisema yeye amecheza ngoma ile ile mara mia tatu, lakini yule anayemtazama leo hakuwepo jana. Mtu wa kiti cha juu kabisa haoni uso wako, alisema, ila akitazama mabega yako anajua kama umechoka. Kwa hiyo alikuwa akijizoeza kutabasamu kwa mabega. Nilimwona akifanya hivyo mbele ya kioo, dada, uso ukiwa mtulivu kabisa na mabega yakicheka.

Jumamosi ya pili kulikuwa na maonyesho mawili, moja saa sita mchana na jingine saa kumi. Katika lile la mchana aliruka ule mruko wake mkubwa wa kuzunguka mara tatu, watu wote wakiusubiri, akashuka vibaya. Kisogo kiligonga barafu. Nilikuwa pembeni nyuma ya pazia, niliisikia sauti yake. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Yeye akainuka, akapanua mikono, akamaliza ngoma yote. Watu walimpigia makofi kuliko wangempigia kama asingeanguka.

Daktari wa kundi alikuwa ameondoka na msichana mwingine aliyevunjika kiganja. Kwa hiyo meneja wao, kijana mmoja anayeitwa Ryan, alikuja mlangoni akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa muuguzi, kama Abigail anaweza kucheza tena saa kumi au amweke msichana wa akiba. Nikamjibu kwamba Abigail hana neno, amechoka tu. Ryan akashukuru, akaenda.

Saa kumi alitoka tena. Sijawahi kuona mtu akiteleza vile. Ule mruko aliruka, akashuka kama unyoya. Watu walisimama kabla muziki haujaisha. Kisha, wakati wa kuinama na kushukuru, akatugeuzia mgongo sisi sote, akawa anainama kuelekea upande ule wa ukumbi uliofungwa kwa mapazia meusi, ambako hakuna kiti hata kimoja chenye mtu. Akainama, akatabasamu, akapunga mkono juu, taratibu, kama anayemtafuta mtu fulani. Wengine walicheka, wakidhani ni mchezo. Aliendelea kupunga mpaka mwenzake akamshika kiuno na kumtoa. Alipopita pazia aliniangukia mikononi, bado anatabasamu.

Damu ilikuwa ikivuja ndani ya kichwa tangu mchana. Walimpasua usiku ule ule. Hakufa. Sasa yuko katika nyumba ya kuuguzia kule Annandale, na mama yake amehama kutoka Ohio kuja kukaa naye. Anakula akilishwa. Anatembea akishikwa. Kila mtu anayeingia chumbani, awe anayeleta chakula au anayepiga deki, anamtolea tabasamu lile lile, na mabega yanainuka.

Nimekuwa nikienda kila Jumapili, treni kisha basi, tangu mwezi wa nne. Mama yake alinipokea vizuri. Alisema wenzake wa kundi waliandika kadi kisha wakanyamaza, na mimi mtu wa wiki mbili tu ndimi ninayekuja. Kila aliponisifu nilitaka ardhi inimeze. Nyumbani nako sikupata amani. Asubuhi majirani wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari, nilikuwa nikiziba masikio. Nikimwogesha bibi mmoja ninayemtunza, nikiinua mkono wake nipitishe sabuni, ninauona ule mkono. Nikisimama mbele ya kioo ninajikuta natazama mabega yangu.

Kasoki alinigundua. Siku moja tukitoka kanisani alinishika mkono na kuniuliza kwa Kiswahili chao, "Jerotich, siku ile, ulijua ao hukujua?" Nikamwambia sikujua. Akanitazama, akasema, "Basi, Mungu njo anajua," yaani Mungu ndiye ajuaye, na hakuniuliza tena.

Dada, nilijua.

Baada ya lile onyesho la mchana Abigail alitapika ndani ya kapu la vitambaa. Alisema taa za chumbani zinamchoma macho. Nilichukua kile kitochi tulichokuwa tukitafutia pini sakafuni, nikammulika. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa pana na haikusinyaa. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha maana yake, kwa yule mwanamume aliyeanguka kutoka juu ya lori. Nikazima kitochi. Abigail akaniomba nisiseme, akasema ni onyesho moja tu, atalala akimaliza. Lakini usidhani nilimfichia kwa sababu aliniomba. Wagonjwa wangapi wameniomba nisiseme na nikasema?

Nilinyamaza kwa sababu ya Chebet. Onyesho la saa kumi ndilo nililokuwa nimemkatia tiketi, yeye na wasichana wanne wa darasani kwake. Wiki moja kabla nilikuwa nimemsikia akiwaambia kwenye simu kwamba mama yake anafanya kazi ofisini. Aliona haya kwamba ninawaosha wazee. Basi nikamwomba Abigail, na Abigail akakubali, kwamba mwisho wa onyesho atapunga mkono upande waliokaa wao, ili wasichana wale wajue kwamba nyota huyu anamfahamu mama Chebet. Ryan aliposimama mlangoni, niliona viti vile vitano. Niliona msichana wa akiba akiinama, asiyemjua mwanangu. Nikasema hana neno.

Na Abigail hakusahau, dada. Kichwa kikiwa kimejaa damu alikumbuka ahadi yake. Alimtafuta Chebet mahali pasipo na mtu.

Ndiyo maana nimeuacha ule mtihani. Nitavaaje tena ile sare?

Jumapili iliyopita nilimwambia mama yake. Tulikuwa kwenye korido. Nilimwambia yote, kitochi, mboni, viti vitano, bila kulia, maana niliona si haki yeye aanze kunibembeleza. Mtu akapita na toroli la chakula, akarudi. Nilingoja anifukuze au aite polisi. Yeye akauliza, "Lile la mwisho, alicheza vizuri?" Nikamwambia alicheza vizuri kuliko siku zote. Akataka nimweleze ule mruko, nikamweleza. Akauliza kama watu walisimama. Nikasema walisimama. Akajifuta macho kwa kiganja, akasema, "Jumapili ijayo usije. Ile inayofuata, njoo. Na uje na karatasi, uandike hayo yote jinsi ulivyonieleza, utie sahihi." Nikamwambia nitaandika.

Leo ndiyo Jumapili niliyoambiwa nisiende. Nimekaa mezani tangu nitoke kanisani. Sijui karatasi ile itanifikisha wapi, huenda hata wakaninyima leseni milele, na nitakubali. Wewe ndiwe wa kwanza kupata habari hii kwa maandishi. Ukinijibu, dada, tafadhali usinifariji. Niambie vile ungemwambia muuguzi mwanafunzi katika wodi yako.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shemeji, pia Cheruiyot na watoto wake, na masista wote wa wodi ya wanaume wanaonikumbuka. Goti lifunge kitambaa chenye joto usiku.

Chebet bado sijamwambia. Wale wasichana mpaka leo wanasimulia siku ile, na yeye hushika mkono wangu wakisimulia. Barua hufika huko kwa siku kumi na mbili hivi. Ukiisoma, ujue ameshasikia kutoka kwangu, na kama atakuandikia yeye mwenyewe, mjibu yeye kabla hujanijibu mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Jerotich